Stika za vifaru vya Uingereza 1944–45, kipimo cha 1:35: uzoefu wangu

Nimeitumia karatasi hii ya stika kwenye modeli za Sherman na Cromwell, aina mbili za vifaru. Kwa ubora wa chapa naipa nyota nne kati ya tano. Kwa maelekezo yanayokuja nayo naipa mbili, tena kwa shida, na hapo ndipo nitakapokaa sana kwa sababu kosa lililomo linaweza kukuharibia kazi nzima bila wewe kujua.

Ni stika za maji, zile unazolowesha kisha unazitelezesha juu ya plastiki. Zinahusu rejimenti za vifaru zilizopigana kaskazini-magharibi mwa Ulaya, kuanzia Normandy Juni 1944 mpaka Ujerumani iliposalimu amri Mei 1945. Ndani yake utapata alama za divisheni tatu, yaani jicho la Divisheni ya Guards, panya mwekundu wa jangwani wa Divisheni ya 7, na fahali mweusi juu ya manjano wa Divisheni ya 11. Kuna pia miraba yenye namba, maumbo ya skwadroni kwa rangi nne, namba za T, nyota nyeupe za Washirika, na maduara ya manjano ya uzito.

Chapa ni safi. Jicho la Guards limetoka vizuri kuliko nilivyotarajia, kope zinaonekana na mboni imekaa katikati. Mkono wa msanii Rex Whistler umo katika alama ile. Alikuwa ofisa wa Welsh Guards, na aliuawa tarehe 18 Julai 1944, siku yake ya kwanza vitani. Ndiyo maana mimi siwezi kulibandika jicho lile ovyo ovyo. Nyekundu ina weupe chini yake, kwa hiyo haifi ukiiweka juu ya kijani cha kijeshi. Wenye uzoefu wa stika za bei rahisi wanajua jinsi nyekundu inavyogeuka udongo ikikosa weupe huo.

Sasa tuje kwenye maana ya alama zenyewe, maana bila kuielewa karatasi hii ni mapambo tu.

Mjerumani aliandika mambo yake wazi. Tiger 131, kifaru chao kilichotekwa Tunisia Aprili 1943 na sasa kiko kwenye jumba la makumbusho la Bovington, Uingereza, namba yake inajisomea yenyewe: kombania ya 1, platuni ya 3, kifaru cha 1. Mwingereza hakutaka adui asome kirahisi namna hiyo, akaigawa habari vipande vipande. Kipande kimoja kinaitaja divisheni. Divisheni ina brigedi ndani yake, brigedi ina rejimenti, na rejimenti ina skwadroni. Kipande kingine kinaitaja rejimenti kwa namba, lakini namba hiyo haina maana mpaka uione pamoja na alama ya divisheni. Umbo kwenye tureti, yaani kile kichwa kinachozunguka na mzinga, linaitaja skwadroni, na rangi ya umbo hilo inakurudisha tena kwenye rejimenti.

Umbo ni rahisi kukariri. Makao makuu ya rejimenti wana almasi, skwadroni A pembetatu, B mraba, C duara. Rangi inafuata nafasi ya rejimenti ndani ya brigedi: ya kwanza nyekundu, ya pili manjano, ya tatu bluu. Na namba zinakwenda hivyo hivyo juu ya mraba mwekundu, 51 kwa rejimenti ya kwanza, 52 ya pili, 53 ya tatu. Makao makuu ya brigedi ni 50. Rejimenti ya upelelezi wa divisheni, ambayo iko nje ya brigedi, ina 45 kwenye mraba wa kijani juu na bluu chini, na maumbo yake ni meupe.

Chukua Sherman ya Irish Guards kwenye barabara ya kuelekea Eindhoven, tarehe 17 Septemba 1944, jeshi la nchi kavu lilipoondoka kuwafuata askari wa miavuli walioshushwa Uholanzi. Bodi ina jicho, basi ni Guards. Ina mraba mwekundu wa 53, basi ni rejimenti ya tatu ya brigedi yake, yaani batalioni ya pili ya Irish Guards (kwa Guards, batalioni ndiyo iliyosimama mahali pa rejimenti). Grenadier wana 51, Coldstream wana 52. Tureti ina duara la bluu, basi ni skwadroni ya tatu (Guards walizihesabu skwadroni kwa namba, hawakutumia herufi). Skwadroni hiyo ndiyo iliyotangulia siku ile, na vifaru tisa vililipuliwa ndani ya dakika chache tu baada ya safari kuanza. Ukibandika 53 na duara la bluu, umewataja watu hao. Ukikosea rangi, umetaja watu wengine.

Na maelekezo ya karatasi hii yamekosea rangi. Mchoro wa Sherman ya Coldstream unaonyesha mraba wa 52 na, juu ya tureti, pembetatu ya bluu. Hao ni rejimenti ya pili, rangi yao ni manjano. Kwa kanuni hiyo, mchoro ule ni kifaru kinachojipinga chenyewe, mbele kinasema Coldstream na juu kinasema Irish. Nilimwandikia mtengenezaji kwa adabu, nikamweleza mstari kwa mstari. Jibu lilikuwa kwamba mchoro umetoka kwenye picha. Sikuonyeshwa picha hiyo. Nafahamu kwamba vitani mambo hayakwenda kwa kanuni kila siku, rangi ziliisha na vifaru vilihamishwa, lakini anayedai kwamba kifaru fulani kilivunja kanuni ndiye mwenye wajibu wa kuleta picha. Na hata picha zenyewe ni tabu, kwa kuwa wakaguzi wa habari wa wakati ule walikuwa wakifuta alama za divisheni kabla picha hazijatolewa, na nyingi ni za rangi moja, ambapo bluu na nyekundu huonekana kama ndugu.

Namba za T. Hizi ni namba za idara ya vita, nyeupe, ubavuni mwa bodi. T ni ya kifaru. Lori lilikuwa na L, pikipiki C, gari la deraya F. Kifaru kilipewa namba hiyo na kikaishi nayo, hata kikihamishwa rejimenti tatu, na Sherman nyingi zina tarakimu sita. Mtengenezaji ametoa namba chache zilizokwisha kamilika, na hapo nimempunguzia nyota. Ukijenga zaidi ya kifaru kimoja, namba zinaisha na unaanza kurudia, na hakuna vifaru viwili vyenye namba moja. Angeweka safu ya tarakimu moja moja tungejipangia wenyewe. Mimi nilikata tarakimu kwa wembe mpya kutoka kwenye namba zilizobaki na kuzipanga upya kwa kibano, kazi ya kuumiza shingo.

Majina ya vifaru hayamo kabisa, nami nasikitika. Rejimenti za Royal Tank Regiment, kikosi cha vifaru cha Uingereza, zilikuwa na desturi ya kuanza jina la kifaru kwa herufi ya rejimenti: ya 1 kwa A, ya 2 kwa B, ya 5 kwa E. Desturi hiyo imetoka Vita vya Kwanza vya Dunia, batalioni zilipoitwa kwa herufi. Deborah, kifaru kilichofukuliwa ardhini kijijini Flesquières, Ufaransa, mwaka 1998, kilikuwa cha batalioni D na kilipigana Cambrai tarehe 20 Novemba 1917. Namba yake ni D51, na nimeona watu wakiifananisha na 51 ya mwaka 1944. Hazihusiani. Sherwood Rangers nao, rejimenti ya watu wa Nottinghamshire, nyumbani kwa hadithi za Robin Hood, waliviita vifaru vya makao makuu yao Robin Hood na Little John. Jina ndilo wafanyakazi wa kifaru walilolichagua au angalau walilolizoea, ndilo waliloitana nalo. Modeli isiyo na jina inakosa kitu.

Nikiwa hapo hapo, kuna alama moja ninayoipenda kuliko zote na ambayo haihusu karatasi hii. Wakati wa vita vya kwanza, tajiri wa Malaya aitwaye Eu Tong Sen alitoa fedha za kununulia kifaru, nacho kikachorwa macho mbele, kama Wachina wanavyochora macho kwenye vyombo vyao ili vione njia. Rejimenti ya 4 ya Royal Tank Regiment iliyarithi macho hayo. Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa, majahazi yetu yana macho vile vile.

Kwa watakaonunua: plastiki ikisharangiwa, pitisha vanishi ya kung'aa kwanza, la sivyo hewa itakwama chini ya stika na itameta kama magamba ya samaki. Utando unaozunguka nyota kubwa ni mpana, ukate karibu na ukingo. Tumia maji ya vuguvugu. Maumbo ya skwadroni yana utando mwembamba mno na hujikunja upesi, kwa hiyo yateleze moja kwa moja kutoka kwenye karatasi yake, usiyashike kwa kibano. Duara la manjano la uzito linakaa mbele, na namba nyeusi ndani yake ndiyo wahandisi waliyoilinganisha na nguvu ya daraja. Kifaru cha Churchill ni 40, hivyo usikipe namba ya Sherman. Ukimaliza, vanishi ya kufifisha juu.

Michoro ya maelekezo iweke kando. Chagua kwanza divisheni, kisha rejimenti, kisha skwadroni, uandike kwenye karatasi yako 51, 52 au 53 pamoja na rangi yake, ndipo uloweshe stika. Na kama unajenga troop nzima (kikundi kidogo ndani ya skwadroni) ya vifaru vinne, nunua karatasi mbili, kwa sababu ya zile namba za T.