Kilo 58 mbele ya mkonga: bampa nililochongesha Mbeya

Bampa la kiwandani la Land Cruiser yangu, ile Hardtop ya mkonga (bomba la kuvutia hewa lililopanda pembeni), lilikunjika Machi mwaka jana juu kidogo ya Isyonje. Nilikuwa nateremka na viazi, gari likateleza taratibu kabisa, likaparamia ngema. Mwendo wa mtu anayetembea, jamani, na bati likajikunja mpaka likagusa tairi. Nilifika mjini nimelifunga kwa mpira wa bodaboda.

Nikaamua kuchongesha la pleti, yaani bamba nene la chuma. Fundi nimempata kwenye gereji ya uani Mbeya mjini. Jina lake sitaji, maana nina lawama zangu na mwenyewe hayupo hapa kujitetea. Tulipatana laki tisa, vifaa vyote ndani, nusu kwanza.

Tulianza kwa kubishana. Yeye alitaka milimita 6 bampa zima. "Mzee wangu, hili hata ukigonga ng'ombe hulioni limebonyea." Mimi nikamtolea hesabu: chuma cha milimita moja, mita moja ya mraba, ni karibu kilo 8. Pleti ya 4 inakuja kilo 31 na ushee kwa mita ya mraba, ya 6 inafika 47. Uzito wote huo unaning'inia mbele ya ekseli, na springi ndizo zinazoubeba. Tukakubaliana 4 kwa mwili wa bampa, 6 kwa kitanda cha winchi (mashine ya kujivuta kwa waya), na 12 kwa brakiti za kushika chasisi. Dukani nilikwenda naye, mfukoni nina kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Pleti ya kwanza tuliyoletewa kama "ya nne" ilisoma 3.5. Tukairudisha.

Sasa kazi yenyewe. Hapa nampa sifa zake zote. Kabla ya kugusa chuma alikata maboksi ya jokofu, akayabandika kwa gundi ya karatasi mbele ya gari, akarekebisha pembe mara tatu hadi tairi likakata kona bila kugusa. Ndipo akachora kwenye pleti. Mashine ya kukunja hana, kwa hiyo kila pembe alikata na grenda nusu ya unene, akakunja kwa nyundo, kisha akajaza mfereji kwa kuchomelea. Pia alianza na brakiti, akazifunga kwenye chasisi kwa bolti, ndipo akajenga bampa juu yake. Wengi wanafanya kinyume: bampa linapendeza chini kwenye sakafu, likipandishwa kwenye gari matundu hayakutani, yanaanza kupanuliwa kwa moto wa gesi. Alipofika hatua ya kushikiza vipande likiwa kwenye gari, alitoa nyaya za betri kwanza bila kukumbushwa. Halafu akalishusha, akachomelea kipande hapa, kipande kule, akisubiri lipoe, ili moto usilivute likapinda. Kazi ya siku tatu ikawa siku sita, mbili kati ya hizo umeme ulikatika.

Jambo nililosimamia kuliko yote ni pete za kuvutia. Nimeona mabampa mengi ambayo pete imechomelewa tu usoni mwa pleti. Ukivutwa na lori, kinachobeba gari zima ni ule mstari wa kuchomelea, na ukiachia, pete inaruka kama risasi. Zangu ni kipande kimoja na brakiti: ile pleti ya 12 imetoka kwenye chasisi, ikapenya bampa, ikatokeza mbele ikiwa na tundu la shakeli, ile pingu ya chuma ya kufungia kamba. Bolti ni za daraja la 10.9, zile ngumu kuliko za kawaida. Desemba nilivuta Canter iliyozama hadi ekseli, na mbolea juu. Nililala chini kukagua baadaye, hata rangi kwenye viungo haikupasuka.

Lawama sasa. Ya kwanza, hewa. Ngao ya katikati aliijaza pleti tupu kwa sababu "inaonekana ya kiume". Safari ya kwanza kupanda mlima wa barabara ya Chunya, mshale wa joto ukapanda kuliko nilivyozoea. Nikarudi, akakata nafasi ndefu tano mbele ya rejeta, mshale ukatulia. Hakunitoza, lakini hilo lilipaswa kuonekana tangu kwenye maboksi.

Ya pili ndiyo inayoniuma. Pleti mpya inatoka kiwandani na ngozi ya kijivu inayong'aa. Isipokwanguliwa kwa grenda au msasa, rangi inashika ngozi badala ya kushika chuma. Yeye alipangusa na petroli, akapiga praima, ile rangi ya kwanza ya chini. Masika hayajaisha, rangi ikaanza kubanduka vipande vipande kama ganda la yai, na kutu chini yake. Juu ya hilo, pembe za chini hazikuwa na tundu la kutolea maji, na kwa mvua za huku Rungwe bampa likageuka ndoo. Matundu nilitoboa mwenyewe na drili, rangi nilipeleka kwingine, laki moja na nusu.

Uzito? Tulilipandisha kwenye mizani ya viazi kabla ya kufunga: kilo 58. Pua ya gari imeshuka sentimita mbili, na taa za mbele ikabidi zielekezwe upya, maana mwanga ulikuwa unaishia miguuni.

Kuna wanaosema bampa kama hili ni kinga ya maisha. Mimi siamini. Lile bati la zamani lilikunjika, na kukunjika kule kulimeza sehemu ya kishindo. Hili halikunjiki, kwa hiyo kishindo kinakwenda kwenye chasisi, kisha kwako. Kwa ngema, matope na visiki, sawa. Kama gari lako lina mifuko ya hewa, ile inayofumuka ajalini, mimi nisingelipeleka kwa fundi wa uani kabisa. Na pembe zote ziviringishwe, kuna watu wanatembea barabarani.

Ningempa tena kazi? Ndiyo, ya chuma. Ya rangi, hapana. Winchi bado sijanunua, kitanda chake nimekiziba kwa kipande cha tairi kuukuu ili tope lisijae.