Chai ya tangawizi ya vifuko: nimeinywa wiki tatu hapa Ujiji

Mvua za kwanza za Novemba zilinikuta na boksi jipya jikoni. Duka moja pale Mwanga lilikuwa limepanga chai ya tangawizi isiyo na majani ya chai, vifuko 20 vya kuchovya kwa shilingi 6,000. Juu ya boksi wamechora pande kubwa la tangawizi, na chini yake neno moja: KALI. Tangawizi nimeinywa tangu utoto wangu, lakini kuna alfajiri ambazo kuosha, kukwangua na kutwanga kunanishinda. Nikaona ngoja nijaribu.

Aliyenisukuma hasa ni shemeji yangu. Yeye ni mvuvi wa dagaa. Usiku wa giza wanaingia ziwani na taa zao kutokea Kibirizi, wanarudi kunapambazuka. Mvua ikiwakuta huko, anafika nyumbani ameloa chapachapa, vidole vimesinyaa, sauti imekauka. Mtu wa namna hiyo humpi maji yenye harufu ya tangawizi. Unampa kitu cha kumpasha kifua.

Siku ya kwanza nilifuata maelezo ya boksi neno kwa neno: mimina maji ya moto, acha dakika 3, kunywa. Rangi ilitoka nzuri, kama dhahabu, na harufu ya mchaichai na iliki ikajaa chumba kizima. Shemeji akapiga mafunda mawili, akakiweka kikombe chini.

“Shemeji, hii inanukia vizuri. Tangawizi yake iko wapi?”

Nikaonja changu. Kweli. Mchaichai unaupata mara moja, karafuu inatia ganzi kidogo pembeni mwa ulimi, halafu basi. Ule moto unaoanzia nyuma ya koo ukashuka taratibu hadi kifuani haukuja. Siku ya pili niliacha kifuko dakika 10, kikombe nimekifunika kwa kisosi. Ikawa afadhali, lakini bado haikufika.

Siku ya tatu nikachana kifuko kimoja juu ya sahani nyeupe, nione ninanunua nini. Kilichotangulia machoni ni mchaichai, vijiti vya kijani kilichopauka, kama njiti za ufagio zilizokatwakatwa. Magamba machache ya mdalasini. Mbegu nyeusi za iliki nilizihesabu, zilikuwa saba. Tangawizi ilikuwa chembe za rangi ya mchanga, zenye nyuzi, zimejificha chini ya hayo yote. Nikachagua chembe moja nikaitafuna, ikaniwasha hadi macho yakalenga machozi. Kumbe tangawizi yao ni nzuri sana! Shida ni kwamba wameweka kidogo. Nikaligeuza boksi nikasoma: mchaichai, tangawizi, mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga. Kwenye vyakula vya pakiti, viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kinatangulia. Yaani nilichonunua ni chai ya mchaichai iliyotiwa tangawizi. Hili limeniudhi na nalisema wazi, maana jina na picha vinaahidi kingine.

Hesabu yake ni hii. Kifuko kina gramu 2. Kama tangawizi ni ya pili kwenye orodha, haiwezi kufika gramu 1. Mimi nyumbani natwanga kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kama gramu 15, kwa vikombe viwili. Tangawizi mbichi karibu asilimia 80 ni maji, kwa hiyo pale nimeweka kama gramu 3 za kavu, gramu moja na nusu kwa kila kikombe. Ndiyo maana shemeji alikuwa akiitafuta.

Lakini hata hicho kidogo walichoweka, maelezo yao yanakipoteza. Tangawizi kavu ni ngumu, haitoi nguvu yake kwa dakika tatu kama majani ya chai. Inataka kuchemshwa. Siku ya nne nilichana vifuko viwili, nikatia kwenye sufuria na vikombe viwili vya maji, nikafunika, nikaacha ichemke kwa moto mdogo dakika 10, nikachuja. Hapo ndipo chai yao ilipozaliwa. Ukali ulikuja, tena ukali wa aina yake. Tangawizi ikikauka, sehemu ya jinjeroli, kile kinachowasha kwenye tangawizi mbichi, hugeuka kuwa shogaoli, ambayo inawasha zaidi. Mbichi inakupa ukali wenye ubichi wa majani na harufu kama ya ndimu. Kavu inachoma chini zaidi na inakaa. Wanaosema kavu ni mbichi iliyochakaa wanaikosea. Ila usiiache jikoni saa nzima ukidhani itazidi kuwa kali. Ikichemka mno inapoa makali na harufu yote inaondoka na mvuke.

Kwa anayetaka kupika mwenyewe, hivi ndivyo ninavyofanya sasa. Tangawizi naichukua sokoni Mwanga. Ile inayoshuka kutoka Buhigwe naipenda, vidole vyake vidogo lakini vimejaa. Naivunja kwanza: ikikatika kwa sauti na kutoa maji, ni mpya. Siimenyi, naisugua tu udongo utoke. Naitwanga kwenye kinu na punje tano za pilipili manga, isiwe uji, ipasuke tu. Naitia kwenye maji ya baridi pamoja na kijiti cha mdalasini na karafuu mbili, si zaidi ya mbili, kwa sababu karafuu ikizidi inaifunika tangawizi na kinywa kinabaki kama umetoka kung'olewa jino. Dakika 10 hadi 15, sufuria imefunikwa. Iliki inaingia mwishoni. Mchaichai naufunga fundo, nautumbukiza nikishaipua, nafunika tena dakika tano. Harufu yake ni nyepesi, ukiuchemsha tangu mwanzo unainusa jikoni na huikuti kikombeni. Ndimu naikamua kwenye kikombe.

Asali natumia ya Tabora, ile nyeusi ya misitu ya miombo. Wengine hawaipendi kwa sababu ina moshi kidogo wa urinaji, mimi naona moshi ule na tangawizi vinaelewana kuliko sukari. Naitia chai ikishapoa kiasi cha kunyweka. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata tone. Na mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kabla ya kuzoea tangawizi nyingi kila siku.

Mama mkwe yeye bila maziwa hajanywa chai. Mara ya kwanza nilimtilia maziwa kwenye sufuria pamoja na tangawizi mbichi iliyotwangwa, nikawasha moto mdogo. Yakakatika yote, mabonge juu na maji ya kijani chini. Nilisikitika, maana ilikuwa nusu lita na siku hiyo hatukuwa na mengine. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa. Moto mkali unakiua. “Mwanangu, maziwa ni mgeni, hatangulii,” akaniambia, na tangu hapo nachemsha tangawizi na maji kwanza hadi itokote vizuri, ndipo maziwa yanafuata.

Je, ununue? Kama una jiko na nafasi, shilingi 6,000 zitakupa tangawizi mbichi ya kunywa siku nyingi zaidi. Kama unasafiri, nunua. Mdogo wangu alichukua vifuko vinne kwenye treni ya kwenda Tabora, akaweka viwili kwenye chupa ya chai asubuhi, na chupa imefungwa barabara, hadi jioni ilikuwa imekolea. Ofisini pia itakufaa, mradi utumie viwili na ufunike. Kampuni yenyewe ningeiomba mambo mawili: wapindue ule mstari wa viambato tangawizi itangulie, na waandike “chemsha dakika 10” mahali pa hizo tatu.

Vifuko sita vilivyobaki nimevipatia kazi. Mbuzi wa jirani wameula mchaichai wangu wote uliokuwa nyuma ya nyumba, kwa hiyo nikishaipua sufuria ya tangawizi mbichi natumbukiza kifuko kimoja na kufunika. Jana alfajiri shemeji alirudi na mvua mgongoni, akanywa kikombe cha kwanza amesimama, akavuta kigoda, akaomba cha pili.