Uangalizi wa wodini baada ya tiba ya saratani ya ini kwa mrija

Wodi aliyolazwa dada yangu baada ya kutibiwa saratani ya ini kwa njia ya mrija ilifanya vizuri sana katika jambo gumu, ikazembea katika jambo jepesi. Katika tiba hii, mrija mwembamba hupitishwa kwenye ateri ya kinena hadi kwenye mishipa inayolisha uvimbe, dawa humiminwa papo hapo, kisha chembechembe ndogo huziba njia ya damu. Kazi kubwa ya wauguzi huanza mgonjwa anaporudishwa kitandani.

Kwa saa kadhaa alitakiwa kulala chali, mguu ukiwa umenyooka, ili tundu la ateri lizibe. Muuguzi alikuja mara kwa mara, wala hakuridhika kuitazama bandeji kwa juu: alipapasa kinena kutafuta ugumu au uvimbe, akashuka hadi kwenye wayo kusikiliza mapigo ya damu kwa vidole, akalinganisha joto la miguu yote miwili, maana damu inaweza kuvujia ndani bila bandeji kulowa. Alimfundisha pia kukandamiza bandeji kwa kiganja kila anapotaka kukohoa. Kwa hilo nawapa alama zote.

Utulivu wa mgonjwa haukupewa uzito uleule. Mgongo ulimuuma dada kuliko tumbo, na mpaka nilipoomba ndipo taulo lililokunjwa likawekwa chini ya kiuno chake. Dawa ya kichefuchefu ililetwa akiwa ameshatapika, ilhali homa, kichefuchefu na maumivu chini ya mbavu za kulia huwapata wengi baada ya tiba hii. Kutapika huko si kero tu, kwani tumbo linapojikaza, kidonda cha kinena nacho huelemewa. Kumtuliza mgonjwa ni sehemu ya kumlinda.

Karatasi ya kuruhusiwa ilikataza kunyanyua vitu vizito, basi. Haikueleza kwamba homa ndogo ya siku za mwanzo hutarajiwa, wala kwamba homa kali yenye kutetemeka, macho ya manjano, kuchanganyikiwa, choo cheusi au kinena kuvimba ghafla ni sababu ya kurudi hospitali usiku huohuo. Hayo daktari alinieleza kwa mdomo nilipomfuata kwenye korido, na anayemuuguza mtu nyumbani anayahitaji kwa maandishi, pamoja na namba ya simu inayopokelewa saa zote.

Akihitaji tiba hii tena nitampeleka hapohapo, kwa ajili ya wauguzi wale, ila nitaomba dawa ya kichefuchefu iandikwe kabla hajaingizwa chumba cha tiba.