Ditekta "isiyoingia maji" iliyoingia maji, na kijana wa dukani aliyeniambia picha ni picha tu

Nianze na hukumu, ili mwenye haraka asimalizie bando lake hapa: mashine, yaani ditekta ya kutafutia vyuma mchangani, ni nzuri, duka ni balaa. Au tuseme mashine ilikuwa nzuri mpaka ilipoingia maji, na mimi nililipa zaidi kwa sababu moja tu, kwamba haiingii maji. Kwa hiyo hata huo uzuri wake leo nauona nusu. Jina la kampuni silitaji, la duka pia silitaji, sitaki barua ya wakili. Lakini ukizunguka Kariakoo kuulizia ditekta, ukakutana na kijana anayecheka kabla hujamaliza kusema shida yako, ujue umefika.

Mimi si mchimbaji. Wenzangu wa Geita na Chunya wana mashine zao za dhahabu, za bei ya kutisha, na wana shughuli zao. Mimi natembea ufukweni na ditekta kwa sababu napenda, basi. Coco asubuhi ya Jumatatu watu wa Jumapili wakishaondoka, Kigamboni, mara mojamoja Bagamoyo. Watoto huniuliza kama natafuta bomu. Watu wazima wana swali lao moja: "Mzee, mali ya Mjerumani umeiona?" Siwalaumu sana. Ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, vita ikiwa imepamba moto, yenye tembo na mlima nyuma yake, ni kitu cha kweli na wakusanyaji wanaigombania mpaka leo. Ila ilipigwa Tabora, kwa dhahabu ya Sekenke, huko bara kabisa. Sioni kwa nini iteremke hadi Oysterbay kunisubiri mimi.

Ninachopata ni vizibo vya soda, spoku za mishikaki (anayetaka kujua Coco wanakula mishikaki kiasi gani aniulize mimi), chubwi za wavuvi, na siku ikiwa njema senti zenye tundu za enzi ya Mwingereza. Niliwahi kuokota pesa ya shaba ya Sultani Barghash, ile yenye picha ya mizani, nikatembea nayo mfukoni hadi mke wangu akaniuliza nimepata mchepuko gani mbona nacheka peke yangu. Magofu ya Kunduchi siyasogelei na mashine. Vitu vya kabla ya 1863 vina sheria yake, ile ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na ditekta si kibali.

Sasa kwa nini nilitaka kupanda daraja. Mashine yangu ya kwanza ni ya frikwensi moja. Kwenye mchanga mkavu haina shida, lakini ukiishusha kwenye mchanga uliolowa inalia mfululizo mpaka unaivua hedifoni kwa hasira. Maji ya chumvi yanapitisha umeme, na ile sahani ya chini inayonusa chuma haijui kwamba inaongea na bahari. Imepata jibu, inapiga kelele. Kibaya zaidi, jibu la chumvi linaangukia palepale zinapoangukia pete nyembamba za dhahabu na zile karatasi za kung'aa za ndani ya pakiti za sigara. Ukiamua kuizima chumvi, umeizima na pete. Na pete hazidondoki pakavu. Zinadondoka majini, kidole kikishapoa na kusinyaa, mwenyewe yuko anarukaruka na mawimbi hana habari.

Nikasoma sana, nikauliza sana. Kuna zile za pulsi, zinazotuma umeme kwa mapigo mafupi: hazijali chumvi na zinakwenda chini kweli, ila kuchagua hazijui, msumari na pete kwao ni ndugu. Kwa Coco, penye spoku kila hatua, ningechimba hadi nizeeke. Kuna zile zinazotuma frikwensi kadhaa kwa pamoja, zikalinganisha majibu, zikaitoa chumvi na kukuachia chuma chenyewe. Hiyo ndiyo nikaitaka. Kisha ndani ya kundi hilo kuna ambazo sahani inazama lakini boksi la juu, lenye kioo, halitakiwi kulowa, na kuna ambazo zinazama zote. Nikaongeza hela, nikachukua ya kuzama yote. Boksi lake la karatasi lina picha ya mzungu amesimama baharini hadi kifuani, ameshika mashine, anatabasamu. Ikumbukwe hiyo picha, tutairudia.

Bamvua la kwanza baada ya kuinunua, maji yalikupwa mpaka yakaacha wazi mchanga ambao siku zote ni wa kaa na samaki. Nikaiwasha, nikaishusha kwenye mchanga unaochuruzika maji. Kimya. Ambaye hajawahi kutembea na ile ya zamani hawezi kuelewa utamu wa kimya hicho. Kisha mlio mmoja, safi: chubwi. Mwingine: chubwi. Halafu shilingi ya King George iliyoliwa na chumvi hadi uso wa mfalme umebaki pua. Halafu pete, ya fedha, nyembamba, chini kabisa mwa lile beleshi langu lenye matundu ambalo fundi wa kuchomelea wa Gerezani alinitengenezea huku akiniuliza kama ni la kukaangia. Nilifurahi kiasi cha kupiga kelele mwenyewe. Kama ningeandika maoni haya jioni ile, mngesoma ushairi.

Nyumbani niliiosha kwa maji baridi kama kitabu chake kinavyoagiza, nikaifuta, nikaisimamisha kivulini. Asubuhi kulikuwa na mvuke ndani ya kioo. Ndani, si nje. Kufikia mchana namba zake za kutambulisha chuma zimeganda, kila nikiipitisha juu ya kijiko, funguo, au bati, inaniambia ni kizibo. Kufikia usiku imezima. Na jana yake sikuwa hata nimefika kifuani kwa yule mzungu. Niliishia kiunoni, boksi la juu likaguswa na wimbi tu pale maji yaliponisukuma.

Sawa, mashine huharibika, ndiyo maana kuna waranti. Nikaenda dukani na boksi lake, kitabu chake, waya wake, kila kitu.

Yule kijana shikamoo yenyewe aliitoa akiangalia simu. Nikamweleza. Akaigeuza mashine mara mbili, akaitikisa sikioni, akauliza, "Mzee wangu, uliiingiza baharini?"

"Ndiyo."

"Ah, sasa hapo umeiua mwenyewe. Waranti haihusu maji ya chumvi."

Nikamwonyesha picha. Mzungu, bahari, kifua, tabasamu.

Akacheka. Wallahi alicheka, na mwenzake wa kaunta akacheka. "Mzee, hiyo picha tu. Hata kopo la maziwa lina picha ya ng'ombe, ukifungua unamkuta?"

Nimeishi miaka mingi na nimejibiwa ovyo na watu wengi, wakiwemo niliowazaa, lakini jibu hili bado naliota. Kinachoniuma zaidi ni kwamba ni jibu zuri. Watu dukani walicheka na mimi nikasimama pale na hoja zangu zote hazina pa kukaa. Nikafungua kitabu, ukurasa unaosema wazi kwamba inazama. Akasema kitabu hicho ni cha soko la Ulaya. Nikamuuliza bahari ya Ulaya ina sukari? Akaomba risiti. Nikatoa ile ya EFD. Akaiinua kwenye mwanga: "Hii imefifia mzee, haisomeki." Anajua kabisa, na mimi najua, kwamba zile karatasi hufifia zote. Bahati nzuri niliipiga picha siku ileile. Nikamwonyesha simuni, tarehe, kiasi, jina la duka lao. Hapo tabasamu likapungua kidogo, akasema bosi hayupo, yuko Dubai, niache namba.

Ningeishia hapo, malalamiko yangu yangekuwa ya kawaida. Lakini akaniita nikiwa nimeshageuka. "Mzee, mimi nakuonea huruma. Ongeza laki nane, niachie na hiyo mbovu, nikupe hii." Akatoa chini ya kaunta kimfuko cheusi chenye zipu, ndani yake mpini kama wa bastola na antena mbili zinazoyumba. "Hii inasoma dhahabu mita mia tano. Unachagua tu hapa, dhahabu, fedha, almasi. Na haiingii maji."

Haiingii maji! Aliniangalia usoni akasema hilo.

Nitasema polepole kwa ajili ya yeyote anayetaka kupanda daraja na anayeambiwa aruke hadi kwenye antena: hakuna ditekta ya mkononi inayosoma dhahabu mita mia tano. Sarafu kwa mashine nzuri ni sentimita ishirini, thelathini, ukibahatika zaidi kidogo. Antena ile inayumba kwa sababu mkono wako unayumba. Kuna Mwingereza, James McCormick, aliuza vidude vya namna hiyo kwa serikali ya Iraq kama vya kugundua mabomu, askari wakavishika kwenye vizuizi vya barabarani Baghdad huku magari yenye mabomu yakipita. Ndani hamkuwa na kitu. Asili yake ilikuwa kidude cha kuchezea cha kutafutia mipira ya gofu. Mahakama ya London ikampa miaka 10 mwaka 2013. Nikamweleza kijana yote haya, kwa sauti ambayo nakiri haikuwa ya ufukweni.

Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha: "Mzee, hizo ni za mabomu. Hii ni ya dhahabu."

Na pembeni yangu alikuwapo bwana mmoja na begi lake la safari, kwa lafudhi yake nilidhani ni mtu wa Nzega au huko huko, ana bahasha ya hela mkononi na macho kwenye ile antena. Huyo ndiye aliyeniharibia siku, si mashine. Nikamwambia, ndugu yangu, kabla hujalipa, waambie wafiche pete moja hapa dukani usipoona, uitafute na hiyo antena mara kumi. Ukiipata kwa bahati tu utajua, ukiipata kweli, mimi nakulipia. Kijana akaingia katikati yetu, akamshika bega, akampeleka ndani "akaonyeshwe demo". Sijui kama aliinunua. Nilitoka.

Hela yangu sikurudishiwa wala mashine haikubadilishwa. Bosi yuko Dubai mpaka leo, naona amehamia. Nilitaka kwenda Tume ya Ushindani na bado nataka, picha ya risiti ninayo. Lakini kwa kuwa bamvua halingoji mtu, mashine niliipeleka kwa fundi simu wa mtaani kwetu. Akaifungua: ule mpira unaoziba tundu la kuchajia ulikuwa umekunjwa tangu kiwandani, chumvi imepita kama mlango uko wazi. Akasafisha kwa spiriti, akaikausha, akaurudisha mpira mahali pake. Ikawaka. Akaniambia, "Baba, usiizamishe tena."

Kwa hiyo sasa nina mashine ya kuzama isiyotakiwa kuzama, niliyoilipia zaidi ili izame. Boksi la juu nimelifunga kwa mfuko wa mkate, maana rambo zilipigwa marufuku tangu 2019. Na hapa ndipo ninapojichukia: inafanya kazi vizuri kupita kiasi. Wiki ile ile ilinitolea heleri ya Mjerumani, ile sarafu yake ndogo, shaba, kijani kibichi, kutoka kwenye mchanga ambao ile ya zamani ingepiga yowe asubuhi nzima. Mali ya Mjerumani, ndiyo hiyo, moja, na haitoshi hata nauli ya daladala.

Mkiniuliza, chukueni ya frikwensi nyingi, msirudi nyuma kwenye hilo. Ya kuzama yote, labda. Kama huendi zaidi ya magotini, hiyo hela ya ziada nunua hedifoni nzuri. Hapana, nimebadili: msinunue ya kuzama kabisa mpaka muuzaji akubali kuizamisha yeye kwenye ndoo mbele yenu, boksi na kila kitu, robo saa. Akikataa, mmeshajibiwa. Mashine naipa nyota nne, nikikumbuka siku ile ya bamvua, tano. Duka sina nyota ya kulipa. Jumla nilishaandika tatu, sasa nimeshusha hadi mbili, na nikiendelea kumkumbuka yule ng'ombe zitapungua tena, kwa hiyo natuma hivi zilivyo.