PS5 Slim, PS5 Pro au PS4 Pro: mwongozo wa mnunuzi wa Unguja na Pemba

Kabla hujaenda Darajani wala Mlandege kuulizia bei ya PlayStation (PS), mashine ya gemu ya Sony, zunguka nyuma ya tivi yako usome kibandiko. Tivi nyingi za inchi 32 zilizomo majumbani mwetu zina pikseli 1366 kwa 768 basi, na hiyo ndiyo picha utakayoiona hata ukichomeka mashine ghali kuliko zote. Muuzaji hatakuuliza una tivi gani. Atakuwashia mpira kwenye skrini kubwa ya dukani, nyasi zinang'aa, nyuzi za jezi zinahesabika, na utatoka ukiamini kuwa picha ile unaipeleka nyumbani kwako Kwahani au Machomane.

Orodha hii nimeipangia nyumba ya kawaida ya huku: tivi ya wastani, umeme unaokatika na kurudi bila hodi, intaneti ya bando, na wachezaji ambao kwao gemu maana yake ni mpira. Mwenye hali nyengine, mashine niliyoiweka ya nne huenda ikawa ya kwanza kwake.

Sony ikishauza mashine miaka michache huitoa tena kwa sura mbili. Slim ni ile ile iliyopunguzwa mwili. Pro ni ile ile iliyoongezwa nguvu, na diski zake ni hizo hizo. PS4 ilipata zote mbili mwaka 2016. PS5 ilipata Slim Novemba 2023, na Pro tarehe 7 Novemba 2024. Ukiambiwa "chukua hii Slim ami, ina kasi kuliko ile kubwa", jua unauziwa maneno. PS5 Slim na PS5 ya mwaka 2020 zina nguvu sawa ya kuchora picha, teraflopu 10.28, na mpira utakaouona ni mmoja. Kilichoongezeka ni nafasi tu: gigabaiti 825 zimekuwa terabaiti 1. Kwa hiyo ukiipata ile kubwa iliyotumika, safi, kwa bei ya chini, ichukue bila kinyongo.

Ya kwanza: PS5 Slim yenye mlango wa diski

Mpira kwenye PS5 unakwenda fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, picha ya 4K (yenye pikseli nyingi kabisa) kama tivi inaiweza, na kwenye tivi ya 1080p, ya kiwango cha chini yake, bado utaona nywele na vivuli ambavyo PS4 haina. Lakini kilichoipa nafasi ya kwanza ni ule mlango wa diski. Gemu moja kubwa siku hizi hula gigabaiti 50 mpaka 100 au zaidi. Pigia hesabu ya bando hapo. Diski, hata kama nayo itadai apdeti, inakupunguzia sehemu kubwa ya mzigo, na ukiichoka unaibadilisha na mwenzako wa mtaa wa pili au unaiuza. Toleo la bila diski ni rahisi siku ya kununua, ghali kila mwezi unaofuata.

Jambo moja watu hawaambiwi: mlango wa diski wa Slim unachomoka, na mashine huutambua kwa kuunganishwa na intaneti mara ya kwanza. Ukiipeleka Micheweni ukaiwasha bila intaneti, diski haitasoma na utadhani umetapeliwa. Maliza kazi hiyo dukani, hata kwa intaneti ya simu yako.

Diski za PS4 zinacheza ndani ya PS5. Padi za PS4 nazo zinakubali, ila kwa gemu za PS4 tu. Ukitaka kucheza gemu ya PS5 watu wawili, hesabu padi ya pili mpya.

Halafu kuna suala la kucheza mtandaoni. Kwenye gemu ya mpira ya EA Sports FC, toleo la PS4 na toleo la PS5 havikutani. Aliye na PS4 Wete hampati binamu yake wa Maskati mwenye PS5, labda binamu akubali kufungua toleo la PS4. Na Tanzania haimo katika nchi zilizofunguliwa rasmi kwenye mtandao wa PlayStation, ndiyo maana akaunti za huku nyingi zimeandikishwa Marekani, Uingereza au kwengineko. Kadi ya kuongeza pesa lazima iwe ya nchi ile ile ya akaunti. Kijana wa dukani akikufungulia akaunti, muulize kaiandikisha nchi gani na uiandike mahali, pamoja na barua pepe na neno la siri.

Ya pili: PS4 Pro, lakini si kila PS4 Pro

Hii ndiyo mashine ninayoipenda kwa mwenye bajeti ndogo na tivi nzuri. Ilitoka Novemba 2016 ikiwa na teraflopu 4.2, PS4 ya kawaida ina 1.84. Prosesa ilipandishwa kutoka gigahezi 1.6 hadi 2.1, na hapo ndipo pa kuangalia vizuri: upande wa picha uliongezwa zaidi ya mara mbili, upande wa prosesa kidogo tu. Matokeo yake gemu zilizokuwa fremu 30 nyingi zimebaki 30, ila picha imekuwa safi zaidi. Anayekwambia Pro inafanya kila kitu kiende laini mara mbili hajaicheza.

Kuifikia 4K ilitumia ujanja. Badala ya kuchora kila pikseli, gemu nyingi huchora nusu yake kwa mpangilio wa bao la drafti, na nusu nyengine mashine huijaza kwa kutazama fremu iliyopita. Ukikaa kwenye kochi huoni. Ukisogea karibu, khasa kitu kinapokimbia mbele ya skrini, utaona kingo zinachanika kidogo. Mpira wenyewe hauna tabu hiyo sana.

Na kama tivi yako ni 1080p? Apdeti ya 5.50, ya Machi 2018, iliongeza kitufe cha kuifanya Pro ichore picha kubwa kisha iibane iingie kwenye tivi ya 1080p, kwa gemu zinazokubali. Nyavu za goli zinaacha kumeremeta, mistari ya uwanja inanyooka. Wengi wanayo mashine hii ndani na kitufe hicho hawajawahi kukigusa. Kipo kwenye mipangilio ya sauti na skrini. Kuna kingine, Boost Mode, kinachozipa nguvu gemu za zamani zilizotoka kabla ya Pro. Kiwashe na ukiache.

Sasa kibandiko. Geuza mashine usome namba. Inayoanza na CUH-70 ni ya mwanzo, CUH-71 ya 2017, na CUH-72 ya 2018. Tafuta CUH-72. Zile za mwanzo zikipata joto la Kaskazi na chumba chenye dirisha moja, feni huvuma kama boti inayoondoka Malindi. Kama kibandiko kimebanduka, tazama tundu la waya wa umeme: CUH-72 hutumia waya mwembamba wenye umbo la nane, zile za kabla yake waya mnene kama wa kompyuta ya mezani.

Kasoro yake kubwa ni umri. EA Sports FC 26 ya Septemba 2025 bado ilitolewa kwa PS4, lakini gemu ya GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series, mashine za Microsoft, peke yake. Kama nyumbani kuna kijana wa skuli anayeingoja hiyo, PS4 Pro itakuletea kesi.

Ya tatu: PS4 Slim

Ya kibanda cha gemu, au ya tivi ya inchi 32. Haina 4K, haina makelele, hula umeme chini ya wati 100 wakati wa kucheza, na fundi wa kuifungua hakosekani. Sina zaidi la kusema.

Ya nne: PS5 Pro

Kwa picha, hakuna mashine ya kuchomeka kwenye tivi katika orodha hii inayoikaribia. Nimeiweka ya nne kwa sababu ya tivi zetu na mifuko yetu.

Ilitangazwa kwa dola 699.99 Marekani, bila mlango wa diski na bila kistendi cha kuisimamisha wima. Mlango unanunua pembeni. Ongeza usafiri, ushuru na faida ya muuzaji, na utaona kwa nini huku wanayo wachache. Ndani ina terabaiti 2 za kuhifadhi, sehemu ya picha yenye vitengo vya kuchora zaidi kwa asilimia 67 kuliko PS5, na kumbukumbu yenye kasi zaidi kwa asilimia 28. Sony wenyewe wanasema uchoraji unaongezeka kasi mpaka asilimia 45. Prosesa ni ile ile ya PS5, iliyosukumwa kidogo. Hadithi ya 2016 imejirudia: nguvu zimewekwa kwenye picha.

Faida yake inaonekana wapi? Gemu nyingi za PS5 hukulazimisha uchague, ama picha kali kwa fremu 30, ama mwendo laini wa fremu 60 na picha iliyofifia. Pro ina ujanja unaoitwa PSSR: mashine huchora picha ndogo, kisha akili bandia huikuza na kuinoa, hivyo unapata fremu 60 na picha inayokaribia ile kali. Final Fantasy VII Rebirth ndiyo mfano ulio wazi. Ilipotoka Februari 2024 watu walilalamika kuwa kwenye fremu 60 sura na majani yamefunikwa ukungu. Kwenye Pro ukungu umeondoka, na huhitaji kuambiwa utazame wapi. Gran Turismo 7 nayo imeongezewa miale ya mwanga wakati wa mashindano yenyewe, gari linaakisi gari la jirani yake. Si kila gemu imebahatika: Silent Hill 2 ilipoanza kucheza kwenye Pro ilionekana ikimetameta kwenye majani na vivuli, na picha ya PS5 ya kawaida ikawa tulivu zaidi.

Lakini wewe unacheza nini? Kama ni mpira, PS5 ya kawaida tayari inakupa fremu 60 na picha safi. Tofauti ya Pro hapo utaitafuta kwa tochi. Inunue ikiwa una tivi ya 4K kuanzia inchi 55, yenye HDMI 2.1 (tundu la waya wa picha), unakaa karibu nayo, na gemu zako ni za hadithi ndefu. Tena ingia kwenye mipangilio ya tivi uwashe tundu la HDMI liwe la kiwango cha juu, maana tivi nyingi huja likiwa limezimwa. Nimeona mtu ana mashine na tivi vyote vya bei mbaya, kisha waya wa HDMI ni ule wa dekoda ya zamani.

Zilizobaki

Xbox Series S ni ndogo, bei yake nzuri, lakini haina diski na marafiki zako wote wana PS. Switch 2 ya Nintendo, ya Juni 2025, inabebeka, skrini yake ya inchi 7.9 ni ya 1080p, na umeme ukikatika unaendelea kucheza. Hilo peke yake ni hoja kubwa hapa kwetu. Mpira wenu wa jioni haumo humo kwa uzito uleule. Jihadhari na za kutoka Japani: Switch 2 ya bei rahisi ya kule ni ya Kijapani tu, na PS5 ya bila diski iliyotoka huko Novemba 2025 nayo ni hivyo hivyo. Huwezi kuibadilisha lugha.

Umeme na chumvi

Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009, miezi mitatu bila umeme wa gridi, hawahitaji kuhubiriwa juu ya jenereta. Ila kinachoua mashine zaidi ni ule umeme unaporudi kwa kishindo. Nunua stebilaiza, au angalau gadi ya tivi, siku ile ile ya mashine. Usiiache PS kwenye hali ya kulala; ukimaliza izime kabisa, khasa PS4, ambayo hadi diski yake ya ndani inaumia umeme ukikatika ikiwa inaandika. Kuhusu TUKUZA, umeme wetu wa kulipia kabla, PS5 kwenye gemu nzito hula kiasi cha wati 200, kwa hiyo masaa matano ni yuniti moja, tivi mbali.

Wanaokaa karibu na pwani wana adui mwengine. Ukinunua iliyotumika, mulika tochi ya simu ndani ya tundu la HDMI na kwenye skrubu za nyuma. Kutu ya kijani au ya kahawia hapo maana yake ndani kuna zaidi. Kisha ichezeshe dukani nusu saa, gemu yenyewe, si menyu. Weka kiganja nyuma inapotoa hewa: joto ni kawaida, kuzima ghafla si kawaida. Ingiza diski na uitoe mara kadhaa. Fungua mipangilio ya skrini usome inatoa picha ya kiwango gani. Ingia mtandaoni kwa akaunti yako mwenyewe, kwani mashine iliyofungiwa na Sony hucheza diski vizuri kabisa na muuzaji hana haja ya kukwambia. Garantii ya huku ni ya mwenye duka, basi mwambie aandike namba ya mashine kwenye risiti, si jina la bidhaa tu, na uilinganishe na ya nyuma kabla hujatoa pesa.