Kipimo cha Kushika Fimbo na Makopo Yanayofuata

Bango huandikwa "Kipimo cha mwili mzima". Mara ni bure, mara ni kwa bei isiyozidi nauli ya daladala. Kuna meza, kompyuta, kisanduku kidogo chenye waya, na nyuma ya mpimaji kuna kabati la makopo ya virutubisho vya biashara ya mtandao, ile ya kuuza na kuingiza wanachama wapya. Tunatathmini vyote viwili kwa pamoja, kipimo na kabati, kwa sababu ni huduma moja. Ukikitazama kipimo peke yake utasema ni mchezo tu. Ukiyatazama makopo peke yake utasema ni bidhaa halali zilizopanda bei. Hasara iko pale vinapounganishwa.

Tuanze na kisanduku. Kina majina mengi, mengi yakiwa na neno "kwantamu" ndani yake. Mpimaji anaingiza jina, jinsia, umri, urefu na uzito wako, kisha anakupa fimbo ya chuma uishike kiganjani. Baada ya kama dakika moja programu inatoa ripoti ya kurasa kadhaa: ini, figo, kongosho, mifupa, tezi, macho, zinki, hata madini ya risasi. Kila mstari una kiwango cha kawaida na kiwango chako, hadi tarakimu tatu baada ya nukta. Tarakimu hizo tatu ndizo zinazomaliza ubishi wa wateja wengi.

Damu haikutoka, mkojo haukuchukuliwa, picha haikupigwa. Kitu ambacho fimbo ya chuma inaweza kupima kwenye kiganja ni jinsi ngozi inavyopitisha umeme, na hilo hubadilika kwa jasho, baridi ya chumba, au nguvu ya kushika. Kalisiamu iliyomo kwenye mfupa wa nyonga haisomeki kiganjani, wala mafuta yaliyomo kwenye damu. Ripoti hupangwa na programu kwa kutumia umri, jinsia na uzito ulioandikwa mwanzoni. Ndiyo maana mtu mnene wa miaka hamsini karibu kila mara huambiwa ana mafuta mengi, presha inamnyemelea na magoti yanasagika. Hilo hata konda wa daladala angeweza kulikisia bila waya.

Ukitaka kuthibitisha, usibishane na mpimaji, mpe kazi. Mwombe arudie kipimo baada ya dakika tano, umri uleule lakini jina lingine, uone namba ngapi zimebaki zilivyokuwa. Kisha abadilishe umri kutoka 28 hadi 61. Kisha mwanamume aandikwe kuwa mwanamke, na usome ukurasa wa kizazi na mayai ya uzazi. Mwisho, fimbo izungushiwe kitambaa kibichi na ipime bila mtu kuishika. Mpimaji akikataa, jibu unalo.

Asubuhi hiyohiyo, kabla ya kula, nenda zahanati upime sukari kwa tone la damu. Sukari ya asubuhi ikiwa milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, hicho ni kisukari. Ikiwa 5.1, huna, hata kama ripoti ya fimbo imepaka rangi nyekundu kwenye kongosho. Na kinyume chake ni kibaya zaidi: fimbo inaweza kukuambia uko salama wakati sukari yako ni 14.

Sasa kabati. Mpangilio wake si wa bahati nasibu, kwa sababu karibu kila mstari mwekundu wa ripoti una kopo lake. Mteja wa kawaida huandikiwa makopo matatu hadi matano "kwa kuanzia", na huambiwa atumie miezi mitatu bila kukatiza. Haya ndiyo tunayoyakuta mara nyingi.

Spirulina huuzwa kwa sifa ya protini, na ni kweli kwamba karibu asilimia 60 ya unga wake ni protini. Lakini kidonge kina miligramu 500. Kopo la vidonge 100 lina gramu 50 za unga, sawa na gramu 30 hivi za protini, na hizo unazipata kwenye mayai matano. Linganisha bei mwenyewe. Sifa ya pili, kwamba inatoa vitamini B12 kwa wasiokula nyama, haina mguu wa kusimamia, kwa kuwa sehemu kubwa ya B12 iliyomo ni aina ambayo mwili wa binadamu hauitumii.

Kahawa ya uyoga wa ganoderma huja kwenye pakiti ndogo za kuchanganya na maji ya moto. Geuza boksi usome orodha ya viambato, ambayo kwa kawaida hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Kwenye zile za "tatu kwa moja", sukari na unga wa krimu hutangulia, na uyoga huja nyuma. Anayeuziwa hiyo kama tiba ya kisukari ananunua sukari. Hata uyoga wenyewe, mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaotathmini tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio yake kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili hayakukuta ushahidi wa kuunga mkono matumizi yake dhidi ya sukari na vihatarishi vingine vya moyo kwa wagonjwa hao.

Kalisiamu ni dawa halisi, na hapo ndipo penye ujanja wa herufi ndogo. Kopo likiandikwa "kalisiamu kaboneti miligramu 1000", kalisiamu yenyewe ni asilimia 40 tu, yaani miligramu 400. Ikiwa ni sitreti, ni asilimia 21 hivi. Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1000 kwa siku kutoka vyanzo vyote, na mwili hufyonza vizuri dozi isiyozidi 500 kwa mara moja. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina karibu 300. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao hawajawahi kuhitaji semina ya kuwauza.

Alovera ya kunywa ina ute wa ndani ya jani, ambao zaidi ya asilimia 98 ni maji. Ute uliosafishwa vizuri hauna shida kubwa kwa watu wengi. Shida iko kwenye utomvu wa manjano ulio chini ya ganda, ile shubiri yenyewe, wenye aloini, ambao unaharisha na kupunguza potasiamu mwilini. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliondoa aloe kwenye orodha ya dawa za kulainisha choo zinazouzwa bila cheti cha daktari. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka dondoo ya jani zima la alovera katika kundi la 2B, la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni fupi: ni ute wa ndani tu, au jani zima? Wengi hawajui tofauti, na chupa zingine haziisemi.

Kuna maelezo moja tunayapa sifuri: "mwili unajisafisha". Mteja akiharisha, akitapika, akitoka vipele au kizunguzungu, huambiwa sumu inatoka, aongeze dozi. Macho kuwa ya manjano na mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi si usafi, ni ini linaumia. Acha makopo yote na uende hospitali siku hiyo, ukiwa umeyabeba. Mfano mmoja wa kiambato cha kuangalia ni dondoo ya chai ya kijani iliyo kwenye vidonge vya kupunguza mwili. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilieleza kwamba miligramu 800 au zaidi kwa siku za kemikali yake kuu, EGCG, kwa njia ya virutubisho, huambatana na dalili za ini kuathirika. Chai ya kijani ya kwenye kikombe si tatizo.

Hatari kubwa kuliko zote haimo ndani ya kopo, imo katika kugongana na dawa ulizonazo nyumbani. Dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge kimoja cha ARV wanachotumia wengi Afrika Mashariki, hushikana na kalisiamu, madini ya chuma, magnesiamu na zinki tumboni, ikashindwa kufyonzwa. Kanuni ni kumeza dolutegravir saa mbili kabla au saa sita baada ya madini hayo. Kalisiamu na chuma vinaweza kumezwa nayo pamoja endapo unameza ukiwa unakula. Hatujawahi kuona kanuni hiyo kwenye kipeperushi cha biashara ya mtandao. Antibiotiki za doksisaikilini na siprofloksasini hupoteza nguvu kwa namna hiyohiyo. Levothairoksini ya tezi iachane na kalisiamu kwa saa nne. Aliye kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiguse vidonge vya vitunguu saumu bila kumwambia daktari wake. Na yeyote anayekuambia uache metformin ya kisukari, insulini au ARV ili "dawa lishe ifanye kazi", ondoka hapo, usisubiri chenji.

Bidhaa za "nguvu za kiume" na za kupunguza tumbo ziko kwenye rafu yake yenyewe. Zikifanya kazi ndani ya saa moja, uliza kwa nini. Maabara za nchi nyingi zimekuta ndani yake sildenafil (dawa iliyomo kwenye Viagra) isiyoandikwa kwenye lebo, na sibutramini, dawa ya kupunguza hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya moyo na kiharusi. Mgonjwa wa moyo anayetumia naitreti, dawa za maumivu ya kifua, akinywa sildenafil bila kujua, presha inaweza kuanguka ghafla na kumuua.

Muuzaji atakuonesha alama ya usajili. Isome kwa kadiri yake. Tanzania, tangu 2019, vyakula vilihamishiwa Shirika la Viwango (TBS) na iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, ikawa TMDA, inayosimamia dawa na vifaa tiba. Kopo lililosajiliwa kama chakula limekaguliwa kama chakula, halikuthibitishwa kutibu chochote. Makopo yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani hulisema hilo yenyewe kwa maandishi madogo, kwa mujibu wa sheria yao ya 1994: bidhaa hii haikusudiwi kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa. Kwa hiyo kopo linasema hivi, na aliyelishika anasema vile.

Kwa nini bei iko juu hivyo? Kwa sababu kopo linabeba kamisheni za ngazi kadhaa juu ya anayekuuzia. Na ndiyo maana mazungumzo hayaishii kwenye ugonjwa: ukilalamika bei, utaambiwa ujiunge upate punguzo, kisha ulete wawili, mguu wa kushoto na wa kulia, yaani pande mbili za watu walio chini yako. Malipo mara nyingi huhesabiwa kwa mguu dhaifu, wenye mauzo madogo, na ili ulipwe lazima utimize pointi za mwezi, maana yake ununue tena. Mwanachama aliyekwama huendelea kununua ili asipoteze cheo, na makopo yanajaa chini ya kitanda.

Hesabu ya semina za kuingiza wanachama husema kila mtu alete watano tu. Sawa. Ngazi ya kwanza watano, ya pili 25, ya tatu 125. Ukijumlisha hadi ngazi ya kumi na moja umefika watu 61,035,155. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, wakiwemo wa kubebwa mgongoni. Ngazi ya kumi na mbili itabidi ikatafute wateja nje ya nchi. (Kikombe cha dawa cha mponyaji Babu wa Loliondo mwaka 2011 kilikuwa shilingi 500, na angalau hakuna aliyetakiwa kuleta wawili.)

Kuhusu kipato, takwimu nzuri zilizo hadharani zinatoka Marekani, kwenye shauri la Tume ya Biashara ya Shirikisho (FTC) dhidi ya Herbalife, kampuni ya tangu 1980. Julai 2016 Herbalife, bila kukiri kosa, ilikubali kulipa dola milioni 200 na kubadili mfumo wake wa malipo. FTC ilieleza kwamba zaidi ya nusu ya waliofikia cheo cha viongozi wa mauzo walipata kutoka kampuni wastani wa chini ya dola 300 kwa mwaka mzima wa 2014. Waliofungua vilabu vya lishe walitumia wastani wa dola 8,500 hivi, na asilimia 57 walisema hawakupata faida au walipata hasara. Sharti lililofuata ndilo kipimo tunachokitumia kwa kampuni yoyote: angalau theluthi mbili ya malipo ya wanachama yatoke kwenye mauzo kwa wateja halisi, yenye kumbukumbu. Muulize aliyekualika ni wateja wangapi wananunua kwake kila mwezi ambao hawajajiunga na hawana mpango. Tanzania upatu wa piramidi, ambapo wa zamani hulipwa kwa fedha za wanaojiunga, ni kosa, na DECI, upatu wa namna hiyo wa 2009, bado inakumbukwa. Ila DECI haikuwa na kopo la kuonesha.

Kwa haki yao, bidhaa nyingi ni halisi na si sumu. Uji wa protini badala ya mlo hupunguza uzito, kwa kuwa unakula kidogo. Lakini virutubisho vyenye ushahidi imara havihitaji apulaini, yaani aliyekuingiza. FEFO ya mjamzito, vidonge vya madini ya chuma na foliki, hutolewa kliniki. Zinki ya mtoto anayeharisha ni miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, nusu yake kwa aliye chini ya miezi sita, pamoja na ORS.

Alama zetu: kipimo cha fimbo, sifuri kati ya kumi. Kalisiamu na multivitamini, nne, kwa sababu ya bei. Kahawa, moja, na hiyo ni kwa ladha. Mpango wa kujiunga, hatuupendekezi.

Kama tayari umenunua, usifungue makopo yaliyobaki. Kampuni zilizo chini ya shirikisho la dunia la mauzo ya moja kwa moja, WFDSA, zinafungwa na kanuni ya kununua tena bidhaa zinazouzika kutoka kwa mwanachama anayejitoa, zilizonunuliwa ndani ya miezi 12, kwa gharama ya awali ikikatwa isiyozidi asilimia 10. Andika barua kwa ofisi ya kampuni, si kwa aliyekuingiza, ukiambatanisha namba ya uanachama na risiti ya kampuni. Karatasi iliyoandikwa kwa mkono na mwanachama mwenzako kwa kawaida haitakubaliwa, hivyo idai risiti ya kampuni siku ya malipo, kabla hujabeba mfuko.