Waterloo: usianzie juu ya Kilima cha Simba

Uwanja wa vita wa Waterloo, nchini Ubelgiji, ambako Napoleon wa Ufaransa alishindwa mwaka 1815 na Wellington wa Uingereza pamoja na washirika wake, hauko Waterloo mjini. Uko kilomita chache kusini, eneo la Braine-l'Alleud, na anayetoka Brussels kwa treni ashuke kituo cha jina hilo. Waterloo mjini kuna nyumba ya wageni alimolala Wellington, ambayo sasa ni makumbusho. Ni nzuri, lakini si uwanja.

Wengi wakifika hukimbilia Kilima cha Simba: ngazi 226, na kileleni simba wa chuma mwenye tani 28. Kiache mpaka mwisho. Ukiwa kule juu ardhi inaonekana imelala kama mkeka, na vita hivi havieleweki bila matuta na mabonde yake. Tena kilima hakikuwepo tarehe 18 Juni 1815. Kilikamilika 1826, kwa amri ya mfalme wa Uholanzi, mahali alipojeruhiwa mwanawe, na udongo ulichotwa kwenye tuta lilelile alilojikinga nalo Wellington. Sehemu hiyo ya tuta leo imeshuka, haina tena umbo ililokuwa nalo siku ya vita.

Anzia bondeni, upande wa kusini waliotokea Wafaransa, kisha inua macho. Nyuma ya tuta huoni kitu. Hapo ndipo ilipokuwa siri: jeshi la Wellington la watu wapatao 68,000, sehemu kubwa yake imewekwa kwenye mteremko wa nyuma, na mizinga 246 ya Napoleon ikawa inalenga wasioonekana. Mvua ya kuamkia Jumapili ile ikazidisha taabu. Tufe la mzinga likipiga ardhi kavu hudunda na kuendelea kufyeka safu. Kwenye tope huzama papo hapo. Napoleon akangoja ardhi ikauke kidogo, na shambulio halikuanza hadi mnamo saa tano na nusu asubuhi. Saa zile zilikuja kumgharimu, maana kuanzia kama saa kumi na nusu alasiri Waprusia, jeshi la Kijerumani lililokuja kumsaidia Wellington, walikuwa wameshafika ubavuni mwake.

Shamba la Hougoumont, lililoshikwa na watu wa Wellington, ndipo pa kukaa muda mrefu. Lilikarabatiwa na kufunguliwa 2015, na kazi imefanywa kwa heshima. Nenda kwenye ukuta wa bustani upande wa kusini, tafuta matundu yaliyotobolewa kwa ajili ya bunduki, uweke jicho kwenye moja. Mbele yako ni uwazi tu, na hapo mgeni hupotea, kwa sababu zamani palikuwa na msitu. Wafaransa walitoka kwenye miti wakakuta kama mita 30 za uwanja mtupu, kisha ukuta. Gobori, bunduki ya askari wa wakati ule, hushindiliwa kwa mdeki, yaani ufito wa kusukumia risasi, baada ya kila risasi, nalo humchukua askari hodari sekunde 20 hivi; aliye nyuma ya ukuta alizipata sekunde hizo, aliye uwanjani hakuzipata. Kwenye lango la kaskazini Mfaransa Legros aliingia na shoka, wenzake wachache nyuma yake. Macdonell, kamanda wa walinzi wa shamba, na watu kama kumi wakalisukuma lango kwa mabega mpaka likafungika, na Wafaransa waliobaki ndani wakauawa karibu wote. Ingia pia kanisa dogo: moto ulioteketeza jumba kuu uliunguza miguu ya Kristo wa mti msalabani, ukaishia hapo.

Makumbusho ya chini ya ardhi yanafaa kwa sare na silaha. Picha ya mviringo ya mchoraji Dumoulin ya 1912, yenye mzunguko wa mita 110, inaonyesha wapandafarasi wa Ney, jemadari wa Napoleon. Itazame ukijua kwamba farasi hajitupi kwenye ukuta wa singe, ndiyo maana miraba ya askari wa miguu, waliojipanga pande nne singe zikielekea nje, haikuvunjika.

La Haye Sainte, shamba jingine la vita ile, ni mali ya mtu binafsi, huingii, na barabara iliyo mbele yake ina magari ya kasi, kwa hiyo simama mbali. Wajerumani wapatao 400 waliotumikia Uingereza, chini ya kamanda wao Baring, waliishika hadi jioni. Mlango wa ghala ulikuwa umechomwa kuni usiku uliotangulia, na bunduki zao za Baker zilitumia risasi ndogo kuliko za magobori ya kawaida. Zilipowaishia, hapakuwa na za kuazima kwa majirani.

Usikikose kijiji cha Plancenoit, kusini-mashariki, Waprusia walikopigania kanisa nyumba kwa nyumba. Mnara wao wa chuma, aliouchora msanifu majengo Schinkel, bado umesimama. Ukirudi kutoka huko ndipo upande Kilima cha Simba. Sasa macho yatajua pa kutafuta mikunjo ya ardhi.

Vaa viatu vigumu vinavyofunika kifundo na ufuate njia, maana pembeni ni mazao ya watu. Mvua ikinyesha, udongo wa pale hunata kwenye soli hadi mguu uwe mzito kuunyanyua.